Siku nne Rishikesh na mama mgonjwa: Swarg Ashram, Muni ki Reti au Tapovan?

Mtoto wa Pangani (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam. Mama yangu amemaliza awamu ya kwanza ya matibabu mjini Delhi, na daktari amesema atamwona tena baada ya siku kumi. Chumba tulichopanga kinatazamana na barabara ambayo honi zake hazilali, kwa hiyo nimeona nimpeleke Rishikesh, mji mdogo wa mahujaji wa Kihindu ulio kiasi cha kilomita 240 kutoka Delhi, pale mto Ganges unapoaga milima na kuingia tambarare. Tutakwenda katikati ya Novemba na kulala siku nne. Nimebakiwa na mahali patatu: ashramu (makazi ya watawa wa Kihindu yanayopokea wageni) ya Parmarth Niketan, iliyoko mtaa wa Swarg Ashram, ashramu ya Sivananda, iliyoko ng'ambo ya pili, Muni ki Reti, au nyumba ya wageni ya kawaida huko Tapovan, jirani na daraja la Lakshman Jhula. Mama anatembea kwa mkongojo, ngazi zinamchosha, naye ni Mwislamu asiyekosa swala. Waliowahi kufika naomba wanilinganishie.

Mwanafunzi wa Dehradun

Ndugu, pole kwa kuuguza. Tapovan iondoe mapema. Ni mtaa wa vijana, wenye migahawa, shule za yoga na kampuni za kupeleka watu mtoni kwa maboti ya mpira, na nyumba zake zimepandana mlimani hata mtu mzima mwenye afya hupumua kwa nguvu kabla ya kufika mapokezi. Daraja la Lakshman Jhula lenyewe, lililojengwa mwaka 1929, lilifungiwa pikipiki mwaka 2019 baada ya kuonekana kwamba limechoka, na baadaye likafungwa hata kwa waendao kwa miguu. Mimi nilijiandikisha huko katika mafunzo ya yoga ya saa 200 kwenye shule ambayo sitaitaja, nikalipa yote siku ya kwanza, na mwalimu aliyekuwa kwenye picha sikumwona hata siku moja. Hayo hayamhusu mama yako, lakini yanakuonyesha ni mtaa wa namna gani.

Mkulima Mstaafu

Kuhusu Sivananda nina la kusema, kwa kuwa nilikaa pale majuma mawili. Swami Sivananda alikuwa daktari katika nchi ya Malaya (Malaysia ya leo) kabla ya kuwa mtawa, na mwaka 1936 alianzisha jumuiya inayoendesha ashramu hiyo hadi leo, pamoja na hospitali ya hisani. Kwa moyo wa mahali, sijaona mfano wake. Hata hivyo, si mahali pa kubisha hodi ukiwa na begi mkononi: unaandika barua mapema, unaeleza wewe ni nani na unataka kukaa kwa sababu gani, nao ndio wanaoamua. Kodi ya chumba haipangwi, unatoa mchango kadiri ya uwezo wako, na badala yake unatarajiwa kuamka alfajiri na kuifuata ratiba ya wenyeji. Wasafiri wengi huiona ashramu kama gesti ya bei nafuu, na hapo ndipo wanapokwaruzana na watawa. Kwa mama yako kikwazo ni kimoja tu, nacho ni kikubwa: majengo yako kwenye mteremko, na kutoka barabarani hadi hekaluni ni ngazi juu ya ngazi.

Bhai wa Mombasa

Sisi ni Wahindu wa Mombasa, na safari yetu ya kwanza huko ilikuwa ya kupeleka majivu ya babu Haridwar, mji mkubwa zaidi ulioko kilomita 25 hivi kusini mwa Rishikesh. Kule makuhani waitwao panda wana madaftari marefu ya koo, na yule wa kwetu alitufunulia majina ya wazee waliokuja kabla hata familia haijavuka bahari. Lakini Haridwar ni msongamano mtupu, wala sikushauri uende huko na mgonjwa. Tulipumzikia Parmarth Niketan. Ilianzishwa mwaka 1942, ina vyumba zaidi ya 1,000, kwa hiyo imezoea kupokea familia na wazee, nayo haiulizi dini ya mtu mlangoni. Jua likizama, wanafunzi waliovaa mavazi ya njano huketi kwenye ngazi za mto, huimba, kisha taa za samli huzungushwa mbele ya maji. Hiyo ndiyo arati. Asiye Mhindu hukaa akatazama, na hakuna atakayemlazimisha kuinamisha kichwa. Nyama na mayai havipikwi, na pombe imepigwa marufuku mjini, hivyo suala la halali limejijibu lenyewe. Mama ataswali chumbani kwake kwa utulivu.

Dada wa Moshi

Yote mazuri, ila hakuna aliyetaja daraja. Swarg Ashram iko ukingo wa mashariki, na wengi huvuka kwa miguu kupitia Ram Jhula, daraja la kuning'inia la mwaka 1986, ambalo nilipovuka mimi lilitikisika huku pikipiki zikipiga honi nyuma yangu, ng'ombe amesimama katikati na nyani wanakodolea mfuko wangu macho. Mimi nina miaka 34 na nilishika kamba. Bora achukue nyumba ya wageni Muni ki Reti, jirani na barabara, na jioni wavuke kwa boti kwenda kuangalia arati.

Mwanafunzi wa Dehradun

Dada, boti ni mbaya zaidi kwake, kwa sababu utashuka ngazi za ukingoni mwa mto upande huu na kupanda nyingine upande ule. Lakini si lazima kupita darajani. Mwambie dereva apitie bwawa la Pashulok, lililo kusini mwa mji karibu na hospitali ya AIIMS; barabara hiyo huvuka mto na kupanda kandokando ya msitu wa Rajaji hadi maegesho ya Swarg Ashram. Kutoka hapo ni mwendo mfupi ulio tambarare. Madereva wa Delhi wasioifahamu watakushusha Muni ki Reti na kukuambia gari halifiki, kwa hiyo mkubaliane kabla ya kuondoka.

Mkulima Mstaafu

Hiyo barabara nilikuwa siijui. Basi na mimi nahamia Parmarth.

Mtoto wa Pangani

Nawashukuru sana. Nimeiandikia Parmarth leo, nimeomba chumba cha chini chenye choo ndani na maji ya moto, na nimewatumia nakala za pasipoti na viza zetu, kwani kila anayempokea mgeni kutoka nje huko hutakiwa kupeleka taarifa zake serikalini. Swali la mwisho: kwenye arati mama akae wapi?

Bhai wa Mombasa

Mfike nusu saa kabla, umwekee kiti juu, kwenye sakafu ya marumaru. Msishuke ngazi za mwisho, hata ukiona watu wamejaa pale. Maji ya Ganges hapo yana baridi na kasi, hupanda bila kupiga hodi, na mwaka 2013 mafuriko yaliichukua sanamu ya mungu wa Kihindu Shiva iliyokuwa imeketi mbele ya ngazi hizo. Mchukulie na shali nzito, kwa kuwa Novemba upepo wa milimani huanza mara tu jua linapozama. Nawe, mama akilala mchana, tembea kuelekea kusini uone magofu ya ashramu ya mwalimu wa tafakuri Maharishi Mahesh Yogi, walikokaa wanamuziki wa bendi ya Kiingereza ya Beatles mwaka 1968. Msitu umeyameza nusu. Mpe mama shikamoo yetu.

Dada wa Moshi

Na ndizi msibebe mkononi. Nyani wa pale hawaombi.