Kofia ya marehemu baba: nitaijuaje ya mkono nikifika Muscat?

Mama Salma, Tanga

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada wa wanaoijua kofia, hasa walioko Oman na Lamu.

Marehemu baba alituachia kofia moja ya vito, ile inayotobolewa vitobo vidogo vidogo na kuzungushiwa uzi. Alishonewa na shangazi yake, Unguja, kabla mimi sijazaliwa. Aliivaa Ijumaa na Idi tu, na akiivua huivisha juu ya kopo la maziwa ili isipoteze umbo. Sasa imechanika pembeni, karibu na mshono.

Desemba iliyopita nilisafiri na mama yangu, mwenye miaka 71, na wanangu wawili kwenda kwa mama mdogo anayeishi Seeb, karibu na Muscat. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Mama alikuwa na haja moja tu, kumtafutia mjukuu wake kofia kama ya babu. Tukaenda soko la Mutrah, hapo Muscat. Jamani, mimi ni mtu wa vitu vya zamani, nilitamani kulala pale. Fedha zilizoingia weusi, ubani wa kila rangi, masanduku ya misumari ya shaba kama lile la bibi yangu. Mama akawa anasimama kila duka, hanunui, anagusa tu.

Duka moja wakatuonyesha kofia, wakatuhakikishia ni kazi ya mkono. Tulipatana riali 35. Tumefika nyumbani, nimeifua mara moja, uzi ukachomoza. Mwanangu akauvuta, ukafumuka safu nzima kama mdomo wa gunia la sukari. Mama hakusema neno. Aliikunja akaitia kabatini, na mimi nililia kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya hela.

Chetezo cha udongo tulichonunua mji wa Bahla ndicho kilichotupa raha. Nilikifunga kwenye kanga mbili ndani ya begi, kikafika kizima. Chini yake pana alama ya kidole cha mfinyanzi, kimezama kidogo kabla udongo haujakauka. Salma huweka kidole chake pale kila tukifukiza.

Tunarudi Desemba hii. Naomba mnifundishe, kofia ya mkono naijuaje nikiwa nimesimama dukani? Na je, nitafute huko au huku kwetu? Mama pia anataka bangili ya fedha ya zamani. Kuna muuzaji alituambia yake ni ya mwaka 1780 kwa sababu sarafu iliyobandikwa juu ina mwaka huo.

Mwana wa Malindi, Ruwi

Waaleikum salaam dada. Pole sana, na mpe mama pole yangu. Mimi ni wa Malindi ya Unguja, niko huku Oman mwaka wa 22.

Huku kofia tunaiita kumma, na wazee wengi watakwambia imekuja na watu waliorudi kutoka Zanzibar. Za mkono zipo, ila nyingi hazikai dukani. Wanawake huzishona majumbani, na mtu huagiza kwa mama anayemjua akasubiri miezi. Zile zinazopangwa mlangoni kwa mafungu ni za mashine, na hakuna ubaya kuzinunua ukiambiwa ukweli. Mwambie mama yako mdogo aulize majirani zake wa Seeb. Kiswahili kitamfikisha, tumejaa huku.

Mutrah nendeni asubuhi au baada ya saa 10 jioni, mchana hufunga. Ijumaa asubuhi msiende huko, pelekeni watoto mji wa Nizwa. Ni kama saa moja na nusu kwa gari. Fikeni saa 1 asubuhi mwone mnada wa mbuzi. Wauzaji huzunguka na mbuzi wao katika duara, wanunuzi wamekaa na kusimama kandokando, kila mtu anapaza bei yake. Ukimaliza, ngome iko hapo hapo. Mnara wake mkubwa ulijengwa na Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Waambie watoto wakiwa juu ya mnara, watalishika jambo hilo.

Jambo jingine, tafadhali sana. Mkitazama majambia ya zamani, mtu anaweza kuwaonyesha lenye mpini wa pembe ya faru au ya ndovu na kulisifia. Msilichukue hata kwa bei ya bure. Biashara ya pembe za faru kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1977, na uwanja wa ndege hawataangalia kwamba una mama mzee na watoto.

Fundi wa Vito, Lamu

Mama Salma, nimesoma hapo kwenye uzi kufumuka nikaweka sindano chini.

Nashona kofia tangu nina miaka 14, nimefundishwa na mama. Ukipewa kofia usitazame nje. Igeuze. Kazi ya mkono ndani ni safi karibu sawa na nje, kwa sababu kila kitobo kina maisha yake. Natoboa kwa sindano nene, nazungusha uzi ukingoni mpaka tundu linasimama duara, kisha naufunga pale pale na kwenda kwenye kitobo cha pili. Ukikata uzi wa kitobo kimoja, jirani yake hana habari. Mashine haifanyi hivyo. Inaruka kutoka ua hadi ua na kuacha nyuzi zimelala upande wa ndani, na mara nyingi wanabandika kitambaa kuzificha. Ukiona ndani pamefunikwa pote, uliza kwa nini.

Pili, iinue kwenye mwanga. Vitobo vya mkono vinafanana kama ndugu, si kama pacha. Kimoja kitakuwa kimenepa kidogo, pengine siku hiyo mtoto wangu alikuwa na homa. Vya mashine ni vile vile kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tatu ni bei na muda. Kofia nzuri inanichukua miezi mitatu, nikiwa na kazi za nyumbani hata minne. Anayekuuzia kwa bei ya chakula cha mchana halafu akaapa ni ya mkono, huyo hamjui aliyeishona.

Hiyo ya baba yako usiitupe wala usiipeleke kwa fundi cherehani. Ukanda wa pembeni unaweza kufumuliwa kwenye mshono tu, pale palipochanika pakatiwa bafta mpya kwa ndani, vitobo vilivyokufa vikashonwa upya. Nipigie picha ya ndani, mchana, karibu na dirisha.

Mjukuu wa Sonara, Mombasa

Kuhusu bangili, kwa ufupi. Sarafu ile ni reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Baada ya kifo chake waliendelea kuipiga na mwaka ule ule, hadi karne ya 20, kwa hiyo 1780 hausemi chochote kuhusu umri wa bangili. Lakini fedha yake ni ya kweli, sehemu 833 kwa 1000, na moja ina gramu 28 hivi. Babu yangu aliyeyusha nyingi kutengenezea mitali, zile bangili za miguuni. Kwenye bangili tazama pale inapogusana na mkono. Iliyovaliwa miaka mingi hulika upande huo, michoro ikawa laini, wakati kwenye mikunjo uchafu mweusi umebaki. Iliyopakwa weusi jana huwa nyeusi kila mahali. Na wakiuza kwa uzito, waambie wapime mbele ya mama.

Mama Salma, Tanga

Nawashukuru, sijui niseme nini. Jana baada ya Alasiri nilikaa na mama dirishani tukaigeuza kofia ya baba. Miaka yote hii sikuwahi kuitazama ndani. Ni kama ulivyosema fundi, kila kitobo kimefungwa peke yake. Ila karibu na mshono tumekuta vitobo tisa vya uzi wa rangi ya maziwa, si mweupe kama vingine. Nikadhani ni kasoro. Mama akacheka. Kumbe uzi ulimwishia shangazi mwezi wa Ramadhani, naye alitaka baba aivae Idi, akamalizia kwa uzi aliokuwa nao. Baba alijua, na kila mara alikuwa akivaa upande huo nyuma.

Picha nimekutumia. Mama anauliza, ukiitengeneza unaweza kuviacha hivyo tisa?

Fundi wa Vito, Lamu

Nimeziona. Vitatu vimekufa, sita vizima. Hivyo sita sivigusi. Vile vitatu nitatafuta uzi wa rangi hiyo hiyo, ninao mabaki ya mama. Usiitume kwa basi. Msubiri mtu anayekuja Lamu aishike mkononi, na aje nayo juu ya lile kopo.