Mjadala: Maoni ya bajeti ya kaunti, tuendelee kuhudhuria au tukusanye sahihi tumng'oe MCA?

Mwana Mkomani
Assalaam aleikum jamaa. Swali ni moja, naomba tusilizunguke. Kila mwaka twaitwa kutoa maoni ya bajeti. Huyu ataka taa, yule ataka gati, wa tatu ataka basari, karani aandika, soda zanywewa, watu wainuka. Bajeti ikipita, uliyoyasema huyaoni. Nayo Katiba, ibara ya 104, imetupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kwisha, na Sheria ya Serikali za Kaunti imetupa haki hiyo kwa MCA, mwakilishi wetu wa wadi. Basi twende mikutanoni au tukusanye sahihi? Nilivyosikia, asilimia 15 ya wapiga kura wa wadi yatosha. Lamu ina wadi kumi tu. Aking'oka mmoja, tisa watakaa macho.

Wakili wa Barazani
Sheikh, kwa mwakilishi wadi si 15. Ni asilimia 30 ya waliosajiliwa katika wadi hiyo, si ya waliojitokeza kupiga kura. Wadi yenye watu 6,000 kwenye daftari yahitaji sahihi 1,800, na Sheria ya Serikali za Kaunti yakupa siku 30 tangu uwasilishe ombi lako IEBC, tume ya uchaguzi. Hizo ni sahihi 60 kila siku, Ijumaa ikiwemo. Kila sahihi iandamane na jina na nambari ya kitambulisho. Hapo ndipo orodha nyingi hufia: mtu analala Langoni lakini kura yake iko Mombasa, mwingine ametia sahihi mara mbili, mwingine nambari moja imeruka. Kusanya theluthi moja zaidi ya unayohitaji, la sivyo ukaguzi utakumaliza.

Na dirisha lenyewe ni jembamba. Huanza miezi 24 baada ya uchaguzi na hufungwa miezi 12 kabla ya uchaguzi unaofuata. Tulipiga kura Agosti 2022, tutarudi debeni Agosti 2027, kwa hiyo mlango ni Agosti 2024 hadi Agosti 2026. Kwa mbunge kuna visiki zaidi, kwani mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoeleza jinsi ya kumwondoa.

Shamba Hindi
Wakili amesema kweli, lakini mimi naona tunapiga nyoka mkiani. Bajeti haiamuliwi siku ile mnayokalia viti vya plastiki. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na humo ndimo kila idara hupangiwa kiwango chake cha juu. Makadirio huja kufikia 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepita. Mtu akiamka Mei kudai gati, pesa za idara zilishagawanywa Februari. Atakachoweza ni kuhamisha kidogo kutoka mradi huu kwenda ule ndani ya idara ileile. Kwa hiyo mwenye haja na gati aanze Agosti, aseme gati la wapi, urefu gani, la nani.

Lakini nani huja Agosti? Wenzetu wa visiwani hasa huja wakisikia kuna nauli ya boti. Wakishaipokea, hata karatasi hawaifungui.

Nahodha wa Siyu
Shamba Hindi, neno hilo ulilosema mwisho limeniingia. Kwanza nikuulize: kutoka kwenu Hindi, bara, hadi mkutanoni Mokowe wapanda nini? Boda. Dakika chache umefika na viatu vikavu. Sasa sikiliza ya Siyu, kisiwani Pate.

Mashini ya farasi 40 ikipigwa gesi kamili hunywa kiasi cha lita 15 kwa saa. Kwenda na kurudi, weka saa tatu za mashini na akiba ya dharura juu yake. Hiyo petroli yanunuliwa na nani? Mvuvi aache nyavu, atoe petroli yake, aende aseme dakika tatu? Nauli unayoitupia watu ni bei ya kuisikia sauti yao. Na mlango wa Siyu ni mkono mwembamba wa bahari ndani ya mikoko. Maji yakipwa, zombo hazingii wala hazitoki, ni tope. Pate ni hivyohivyo: kupwa waenda kushukia Mtangawanda, kisha mguu au boda.

Shamba Hindi
Nahodha, sikutukana mtu. Nimesema kinachoonekana. Orodha ya mahudhurio yajaa, maoni yaliyoandikwa ni mistari miwili. Petroli haielezi hilo.

Binti Pate
Mimi nitakueleza, kaka. Mistari ni miwili kwa sababu karatasi ni kurasa mia na kitu, zote Kiingereza, na mtu anaipokea mlangoni saa ileile anayoulizwa maoni. Mama anayeuza mikate atafungua ukurasa gani? Ibara ya 7 ya Katiba yasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Ufupisho wa kurasa nne kwa Kiswahili, jedwali moja la wadi yako, mradi, mahali, kiasi, ubandikwe msikitini, kwenye duka la petroli na gatini wiki mbili kabla. Hapo ndipo utapima nani hufungua karatasi na nani hafungui. Kabla ya hapo usituhukumu.

Mwana Mkomani
Jamaa, swali langu lilikuwa sahihi au mikutano.

Nahodha wa Siyu
Nalijibu, bwana. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, jua umetufungia mlango. Bamvua letu hujaa alfajiri saa kumi na jioni saa kumi hivi, kwa hiyo saa nne ya asubuhi ni kupwa kikavu. Wa Siyu akitaka kuwahi atoke usiku na mashua, na kurudi asubiri maji ya jioni, afike kiza. Mama mwenye mtoto hatafanya hivyo. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni kinyume, saa nne maji yako juu. Hesabu hii hata mtoto wa chuo cha Qurani aijua kwa mwezi wa Kiislamu: mwandamo na tarehe 15 ni bamvua, tarehe 7 au 8 na 22 au 23 ni maji mafu. Anayepanga tarehe za vikao akitazama kalenda ya ukutani peke yake amechagua nani atakuja, hata kama hakukusudia.

Tena makadirio yaja Aprili, vikao ni Mei, na Mei ni upepo wa kusi na mvua za masika. Kiunga wafanyeje? Baharini ni mawimbi, na barabara ya kupitia msitu wa Boni imekuwa na hatari ya vilipuzi miaka mingi.

Fundi wa Jabia
Nyote mwazungumzia kabla ya pesa kutoka. Mimi nawauliza baada ya kutoka nani huenda kutazama? Mwananchi asiyejua Kiingereza wala sheria aweza kukagua jabia, lile birika la kuhifadhia maji. Mambo ni machache.

Mchanga kwanza. Chukua chembe, onja. Ukiwa na chumvi ni mchanga wa ufuoni, haukuletwa na jahazi kutoka bara kama ilivyokubaliwa. Chumvi hula chuma, kutu huvimba, plasta hupasuka kwa ndani, na baada ya misimu michache jabia halishiki maji. La pili ni maji ya kukorogea: kisima cha magadi hakifai, na visiwani mkandarasi hukimbilia hicho kwa sababu maji matamu ni ghali. La tatu, kabla halijapokelewa, lijazwe. Acha siku mbili kuta zinywe, kisha piga alama ya chaki kwenye usawa wa maji, rudi baada ya siku saba. Jua litachukua kiasi chake, vidole viwili au vitatu. Yakishuka zaidi, lavuja, na sehemu ya malipo iliyozuiwa kwa ajili ya kasoro isitolewe. Watu watano na kipande cha chaki, hamhitaji sahihi 1,800.

Mwana Mkomani
Fundi, ahsante, lakini ukiona linavuja wamwambia nani? Ndiyo narudi kwa MCA. Yeye ndiye tuliyemtuma. Hata karo ya mtoto hatoi.

Wakili wa Barazani
Hapo kwenye karo ndipo tunapojikwaa sote. Kazi ya mwakilishi wadi ni tatu: kutunga sheria, kusimamia serikali ya kaunti kwa niaba yetu, na kutuwakilisha. Sheria ileile ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 9, yamtaka ashauriane na wapiga kura wake, na yamkataza kuingia katika kazi za utekelezaji. Mkimpima kwa karo na michango ya harusi, mnampa ruhusa ya kutoulizwa jabia limefikia wapi. Namwona MCA anayelipa karo ya watoto kumi akishangiliwa, na hakuna aliyemuuliza kama alisoma ripoti ya Mkaguzi Mkuu.

Binti Pate
Wakili, usimlaumu maskini anayeomba karo. Mtoto amefukuzwa shule leo, ripoti ya Mkaguzi haimrudishi darasani. Semeni na walioweka basari mikononi mwa wanasiasa.

Wakili wa Barazani
Dada, nimekubali, maneno yangu yalikuwa makali kwa asiyestahili. Niseme la kufaa. Jabia likivuja, andikeni barua ya kuomba habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Yaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, sheria imetaja zote mbili. Asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia. Huulizwi sababu. Ada ya kuomba hakuna, ni gharama ya nakala tu.

Ombeni vitu kwa majina: mkataba, BQ (orodha ya vipimo na bei za kazi), cheti cha kukamilika kwa kazi, hati za malipo. Ukiandika "naomba habari za mradi" utajibiwa "mradi unaendelea". Nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mbaki nayo.

Shamba Hindi
Na wajibu ndani ya siku 14.

Wakili wa Barazani
Siku 21. Hizo 14 ni za nyongeza, nazo maafisa waweza kujiongezea mara moja tu. Wakinyamaza au wakikataa, ndani ya siku 30 peleka kwa Ombudsman, ile Tume ya Haki ya Utawala. Usizipoteze siku 30 hizo kwa kupiga simu.

Mwana Mkomani
Yaani nyote mwaona mikutano yatosha na barua. Basi niambieni ni lini mkutano uliwahi kumzuia mkubwa hapa Amu, Lamu yetu.

Binti Pate
Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, Kwasasi. Megawati 1,050. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni, na sababu kubwa ilikuwa maoni ya umma. Mikutano ilikuwepo! Lakini ilifanywa kabla ya ripoti ya athari kukamilika, kwa hiyo watu waliulizwa juu ya kitu ambacho hawajakiona. Ndilo hilo hilo la karatasi kutolewa mlangoni. Na wavuvi: 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu, wavuvi wapata 4,600. Kesi zote mbili zilisimama juu ya ushahidi wa nani aliitwa, lini, na alipewa nini mkononi.

Shamba Hindi
Na Kiambu. Mwaka 2014 sheria yao ya fedha ilibatilishwa yote kwa kukosa kushirikisha umma. Kwa hiyo aliyehudhuria na kuandika ana silaha kuliko aliyesusa. Hilo ndilo nilitaka kusema tangu mwanzo.

Nahodha wa Siyu
Ulilosema mwanzo ni nauli. Lakini haya, tuyaache yakae hapo. Binti Pate, ukiandika maoni ya wadi, tia sharti la kwanza: vikao vya visiwani vifanywe visiwani, Faza na Siyu, siyo kutuvusha. Sharti la pili: kikao chochote cha kutuvusha kiwe tarehe za maji mafu.

Mwana Mkomani
Mimi sahihi sijaziacha.

Wakili wa Barazani
Usiziache, lakini hesabu daftari la wadi yako kwanza, zidisha kwa 0.3, kisha uongeze theluthi. Ukiipata namba hiyo tuzungumze.

Binti Pate
Nahodha, nimeandika "siku za maji mafu". Maafisa wengi si wa pwani, watauliza maana yake. Nitaje saa?

Nahodha wa Siyu
Taja tarehe kabisa, za mwezi wa Kiislamu na za kalenda yao ubavuni, miezi ya Agosti, Februari na Mei. Nitazipanga baada ya isha, nikuletee. Na muhuri, usisahau. Nakala mbili.