Profondo rosso (1975): toleo refu au lile lililokatwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, tahadhari kwanza: humu muuaji anatajwa kwa jina. Ambaye hajaitazama aishie hapa.

Filamu ya Profondo rosso ya mwongozaji Dario Argento ilitoka Italia Machi 1975 ikiwa na dakika kama 126. Ile iliyouzwa nje kwa jina la Deep Red ilibaki na dakika 105 hivi, na kwa miaka mingi watazamaji wengi wa nje waliijua hiyo tu. Mpaka leo wapo wanaoapa kwamba fupi ndiyo bora, inatisha zaidi na haina porojo. Mimi napinga.

Watu hudhani kilichokatwa ni damu. Damu ilipunguzwa, kweli, lakini sehemu kubwa ya zile dakika ni mazungumzo ya Marcus, mpiga piano Mwingereza (David Hemmings), na Gianna, mwandishi wa habari (Daria Nicolodi). Marcus anashikilia kwamba wanawake ni viumbe dhaifu. Gianna anamwita mezani wapimane nguvu za mikono, anamlaza, na bwana mkubwa anadai amechezewa rafu. Sasa kumbuka muuaji ni nani: Martha, mama wa Carlo, rafiki wa Marcus. Marcus aliingia nyumbani kwake, akakaa naye, bibi akawa anamwita injinia kila akiambiwa ni mpiga piano, na kijana hakushtuka hata kidogo. Ukiondoa ule utani wa mezani, umeondoa sababu ya yeye kutomshuku mwanamke.

Mkasi

Mkuu, hoja yako inapendeza ukiisoma. Ukiitazama ni habari nyingine. Helga, yule mwanamke anayesoma mawazo ya watu, anauawa mapema sana, na tukio hilo ni kali kuliko filamu nzima za watu wengine. Baada ya hapo toleo refu linakupeleka kwenye Fiat 500 ya Gianna, kiti cha abiria kimezama mpaka Marcus anachungulia kama mtoto, milango imegoma, wanatokea juu ya paa. Inachekesha, sikatai. Ila kila wanapopanda gari hilo hofu inashuka, na muziki wa bendi ya Goblin unaanza kazi upya kuipandisha. Filamu ya kutisha haina mtaji mwingine zaidi ya hofu iliyolimbikizwa.

Na vile vitu watu wanavyovikumbuka vyote vimo kwenye fupi: mwanasesere wa mitambo anayeingia mbio chumbani, Amanda Righetti akiunguzwa kwa maji ya moto bafuni, mkufu wa Martha ukinaswa kwenye lifti. Sasa amepoteza nini aliyeiona fupi?

Fundi Mkanda

Kabla hamjashikana mashati, hakikisheni mnazungumzia nakala zilezile. Nusu ya ugomvi wa filamu hii huwa ni hesabu.

Filamu ya sinema hukimbia fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kanda na diski za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya, huiendesha kwa 25. Kwa hiyo dakika 126 zinakuwa 121, na 105 zinakuwa 101. Mtu akiona 121 anapiga kelele kwamba kaibiwa dakika tano, wakati hakuna kilichokatwa. Sauti tu ndiyo imepanda kidogo.

Pili, ukubwa wa picha. Ilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa 1. Kanda za zamani zilizojaza televisheni ya 4:3 zilitupa zaidi ya asilimia 40 ya kila fremu. Kwa filamu hii hilo ni kosa kubwa, maana ushahidi wake umepangwa pembeni.

Tatu, sauti. Ukichagua Kiingereza kwenye toleo refu, sehemu zilizorudishwa zinarukia Kiitaliano katikati ya maongezi, kwa kuwa Kiingereza chake hakipo. Washa maandishi ya chini yale yanayojitokeza kwenye sehemu hizo peke yake. Ukiyazima, ndiyo mazungumzo anayoyatetea mwanzisha mada yatakayokupita. Zaidi ya hapo hakuna sauti "halisi" ya kugombania: filamu nyingi za Italia za wakati ule ziliingiziwa sauti studioni baadaye, kila lugha na watu wake.

Jicho Pembeni

Naona mnabishana kuhusu utani wakati kesi ya filamu hii ni ile korido. Marcus anakimbilia kwa Helga, anapita kwenye korido yenye michoro ya nyuso, halafu filamu nzima anasumbuka kwamba kuna mchoro umetoweka. Haukuwa mchoro. Kilikuwa kioo, na uso uliokuwa ndani yake ni wa Martha, amesimama tuli katikati ya nyuso zilizochorwa. Argento hakuficha kitu, uso umo kwenye picha tangu mara ya kwanza. Rudisha, simamisha, utauona.

Wanaolalamika kwamba wamechezewa, wengi walitazama kwenye simu, faili limebanwa mpaka giza limekuwa vigae vyeusi. Hapo mlaumu faili. Na korido ipo kwenye matoleo yote mawili, kwa hiyo Mkasi kwa hili hajakosea.

Mwanzisha mada

Korido ipo, sawa, lakini fikirini kinachofuata. Helga anauawa wakati Marcus na Carlo wako wote chini uwanjani (hadithi inasema Roma, uwanja ni Piazza CLN wa Torino), wanasikia ukelele pamoja. Carlo hawezi kuwa muuaji, na mtazamaji ameonyeshwa hilo kwa macho yake. Bado baadaye tunamshuku Carlo, na Marcus mwenyewe anakumbuka ule uwanja baada ya Carlo kufa. Filamu inategemea usahau, na usahau unahitaji muda na vituko vya kukuvuruga. Kwenye fupi, uwanja bado mbichi kichwani.

Mkasi

Hapo umenigusa, lakini usahau wa dakika tano unatosha. Ule mchezo wa mikono ubaki, nakubali, kwa sababu ndio una kazi. Mizaha ya yule mkuu wa polisi haimfichi muuaji wala haimtambulishi mtu. Wauzaji wa nje walikata hovyo, hilo halina ubishi. Wale wa Japani ndio walivunja rekodi: waliiuza kama sehemu ya pili ya Suspiria, filamu nyingine ya Argento iliyotoka miaka miwili baada yake! Lakini mtu kukata vibaya hakumaanishi hakukuwa na cha kukata.

Fundi Mkanda

Basi kwa anayeanza: toleo refu, sauti ya Kiitaliano mwanzo mpaka mwisho, maandishi kamili ya chini, taa zimezimwa. Midomo ya Hemmings haitalingana na sauti, utaizoea.

Mkasi

Anayeanza mpe fupi kwanza. Akiipenda, atairudia ndefu mwenyewe. Ukimwanzishia ndefu, kwenye ile Fiat atakuwa ameshashika simu.