Krismasi kwa binti yangu Perth: nimwambieje kwamba nataka kutulia?

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Salamu kwenu nyote. Desemba hii, kwa mara ya kwanza, nitasafiri kwenda Perth, Australia, kwa binti yangu ambaye ameolewa huko na ana watoto wawili ambao mpaka leo nimewaona kwenye simu tu. Nitakaa majuma sita. Safari hainitishi; kinachonitia wasiwasi ni ratiba aliyoniandalia, kwani kila siku kuna mahali pa kwenda, na mwisho wa mwezi anataka twende Sydney kutazama fataki za Mwaka Mpya. Najua ni mapenzi yanayomsukuma, lakini mimi natamani kuketi nyumbani na wajukuu, nipike nao, niwasimulie. Nimwambieje bila kumvunja moyo? Na je, watu wa huko huisherehekea vipi Krismasi inayoangukia wakati wa joto, kama yetu ya kaskazi? Nibebe nini?

Mwana wa Malindi, Perth

Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa huko huko Malindi, na huu ni mwaka wangu wa 9 hapa Perth. Nianze na Sydney: iko umbali wa kilomita 3,300 hivi, zaidi ya saa nne angani, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa tatu wakati wa kiangazi. Kwa mtu ambaye atakuwa ametoka safari ndefu majuma machache tu nyuma, huo ni uchovu asiouhitaji.

Mwambie binti yako kwamba hata wenyeji wakati huo hupumzika. Shule hufungwa katikati ya Desemba na hazifunguliwi hadi mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, hivyo wajukuu watakuwa nyumbani mchana kutwa. Siku ya Krismasi yenyewe wengi hula chakula baridi, kamba waliochemshwa, nyama iliyopikwa jana yake, saladi, maembe na cheri, kwa sababu joto linaweza kupita nyuzi 35 na hakuna anayetaka kuwasha jiko la kuokea. Wengine hubeba chakula wakaenda kula ufukweni au chini ya miti bustanini.

Jua huchomoza mnamo saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri na kuzama baada ya saa moja na robo jioni. Mchana kati, jua la huku huunguza ngozi upesi, hata yetu sisi tuliolizoea la pwani, kwa hiyo kaa ndani hadi alasiri. Hapo ndipo huvuma upepo kutoka baharini, upande wa kusini-magharibi, ambao wenyeji huuita Daktari wa Fremantle kwa jinsi unavyoleta nafuu. Nchi kavu ikishapata moto kuliko maji, upepo huo huingia mjini, na watu hutoka vibarazani. Tokeni nanyi, mwende ufukweni. Bahari utakayoiona ni ile ile yetu ya Hindi, ila Malindi jua hutoka majini na hapa huzama majini. Miaka yote hii, jambo hilo bado hunigusa kila jioni. Watoto wakiingia kuogelea, wasitoke nje ya eneo lililo kati ya bendera za nyekundu na manjano, kwani hapo ndipo waokoaji wanapoangalia.

Mkaazi wa Lamu

Shikamoo Mama. Ukikubali safari moja tu, iwe kisiwa cha Rottnest, ambacho hufikiwa kwa feri kutoka Fremantle. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi huko. Watu huendesha baiskeli, na nilipokwenda kumtembelea kaka yangu niliona utulivu unaofanana na wa kwetu, ila punda hawapo. Wajukuu watawapenda kwoka, wanyama wadogo wenye mifuko ya kubebea watoto. Waeleze pia kwamba Wanoongar, wenye asili ya nchi hiyo, hukiita Wadjemup, na kwamba kwa miaka mingi kuanzia 1838 wanaume na vijana wa jamii za asili walifungwa hapo. Sisi ambao Ngome yetu ilikuwa jela hadi 1984 hatupaswi kupita mahali kama hapo kimya.

Msafiri wa Mara kwa Mara

Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa unatoka Kenya. Usibebe matunda, mbegu wala asali, na chakula chochote ulicho nacho kiandike kwenye fomu ya kuingilia: ukikitaja, kibaya zaidi ni kuchukuliwa, lakini ukikificha utatozwa faini. Iliki na tui vinapatikana huko huko katika maduka ya Wahindi.

Mwalimu Mstaafu, Malindi

Marahaba wanangu, nawashukuru sana. Leo nimempigia saa nne asubuhi, kwao ikiwa saa tisa alasiri, nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba alihofia nikikaa nyumbani tu nitarudi nikidhani sikupokewa vizuri. Tumekubaliana: Sydney imeondolewa, kisiwani tutakwenda siku moja, na jioni tutakuwa ufukweni. Mjukuu wangu mkubwa akaomba simu, akaniuliza kama nitamfundisha kusukuma mahamri. Nimemwambia asubuhi ya Krismasi aniamshe saa kumi na moja, jua likichomoza, tuanze kazi.