Naomba ushauri: kamba ya kwanza ya kupanda miamba, nina 15,000

Habari zenu wadau. Nimekuwa nikipanda miamba ya Lukenya, nje ya Nairobi, kwa kamba za wenzangu na sasa nataka yangu. Mfukoni nina shilingi 15,000 tu, na kamba ya kuagiza ng'ambo ina usafiri na ushuru juu yake.

Kuna jamaa Industrial Area anataka kuniuzia kamba nyeupe ya mita 50, zile za wanaoosha vioo vya maghorofa. Bei ya kutupa. Lakini hiyo haivutiki. Ukianguka ukiwa unaongoza, yaani unapanda wa kwanza kamba ikitokea chini yako, mshtuko wote unakuishia mwilini na kwenye vishikizo vya mwambani vinavyoshika kamba. Hata akipunguza vipi, siitaki.

Zimebaki mbili. Moja ni mpya, inayovutika, milimita 9.8, mita 60, ina alama ya usalama ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, ila inapita bajeti kwa elfu sita. Nyingine ni ya mtumba, milimita 10.2, mita 40. Nimeipitisha yote mkononi: karibu na ncha moja ganda la nje la kamba limeota manyoya, na kuna mahali nikiikunja inabonyea kabisa, kana kwamba ndani hamna kitu. Muuzaji anasema ilikaa kabatini miaka mitatu. Kabla ya hapo ilifanya nini, hasemi.

Nikate hiyo ncha nitumie iliyobaki kwa kupanda huku kamba imefungwa juu, au nivumilie nijazie hela ya mpya? Na kwa mwamba wa Lukenya unavyokwaruza, 9.8 itamfaa anayeanza, au nitafute nene zaidi?