Mjadala: Fundi mgeni apimwe mkono au apimwe kalamu?

Mama Cherehani, Kayole
Jirani yangu wa karakana ameshikilia kwamba mgeni asipewe kazi Nairobi mpaka aonyeshe anajua kusoma na kuandika Kiingereza. Mimi napinga. Ila nianze na hasara iliyonipata, msije mkasema natetea tu.

Nina cherehani sita na fundi mmoja kutoka Kongo. Majuzi alimpima mteja wa gauni la kitenge, akaandika daftarini: P 88, T 74, B 102. Kesho yake akaugua, msichana wangu akakata yeye. Kwa mafundi wa hapa B ni basti, yaani kifua. P akaikisia kuwa nyonga. Kumbe mwenzetu ameandika Kifaransa: B ni bassin, hiyo ndiyo nyonga, kifua ni poitrine. Gauni likatoka kifua 102, nyonga 88. Juu linapwaya kama gunia, chini halipiti. Yadi sita za watu, na harusi ni Jumamosi! Nililipa.

Sasa niambieni, hapo nani hakujua kusoma? Jamaa ana mwandiko unaoshinda wangu. Nasema apimwe mkono kwanza, halafu karakana iwe na lugha moja ya kuandikia. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na Mkongo wa mashariki anakuja nacho kutoka kwao. Kiingereza cha nini?

Kijana wa Kariobangi
Mama, pole kwa kitenge, lakini jambo lenyewe umelizunguka. Nina cheti cha ufundi cha NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu. Nimetembea Kamukunji mpaka Gikomba, kila mwajiri ananiambia ana mtu wa mia tano kwa siku. Mtu huyo hana kibali, kwa hiyo hathubutu kulalamika. Kifaransa chake hakinisumbui. Tuwekeeni mtihani hata wa Kichina, bora tuufanye sote na tulipwe sawa.

Mtoka Bukavu, Kongo
Kaka, hata sisi hiyo mia tano hatuipendi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inaturuhusu kufanya kazi, lakini inataka ujuzi unaotambuliwa na mamlaka za Kenya. Cheti changu kiliungua pamoja na nyumba. Nimeshona miaka kumi na minne. Nitambuliwe kwa lipi? Nipeni kitambaa na mkasi, nikate mkiniona.

Mwalimu wa Ngumbaru (elimu ya watu wazima), Dandora
Mnaongea kana kwamba wasiojua kusoma ni wageni peke yao. Darasani kwangu wengi ni akina mama wazaliwa wa hapa hapa, miaka mingi baada ya ile kampeni ya kufuta ujinga ya 1979. Mmoja alikuja kwa sababu mtoto wa jirani ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wa M-Pesa, na salio likawa linapungua bila yeye kutuma kitu.

Mama Cherehani, nakuunga mkono kwa Kiswahili, ila kalamu usiiweke nyuma sana. Kijana analia na mia tano. Unadhani anayelipwa hiyo mia tano ameisoma karatasi anayoiwekea kidole gumba? Nimeona karatasi ya kibarua imeandikwa siku kumi na mbili, mwenyewe anahesabu kumi na sita kwa vidole.

Mama Cherehani, Kayole
Mwalimu, hapo umenipata. Kijana, nawe umenikumbusha kitu nilichokuwa nakipita kila siku. Mimi nalipa kwa kipande, Mkongo na msichana wangu bei moja. Yule jirani anayedai Kiingereza ana wageni wawili, na anawalipa nusu. Mtihani huo akiwatilia, watafeli, na nusu hiyo hiyo wataendelea kuipokea kimya kimya. Sijui kwa nini sikuliona mapema.

Ndugu wa Bukavu, mtihani wa ufundi unapimwa kwa kazi ya mikono pia, hata kwa aliyejifunzia karakanani. Ulizia NITA pale Industrial Area, na maswali uombe uulizwe kwa Kiswahili.

Kwangu nimebandika karatasi juu ya meza ya kukatia: KF kifua, KN kiuno, NY nyonga. Mkongo ndiye aliyeiandika, kwa ule mwandiko wake. Mteja wa gauni bado hajarudi.