Nimewaongeza mshahara na bado wanaondoka. Nimekosea wapi? (Shela, Lamu)

Bi Mwenye Nyumba, Shela

Assalaam alaikum jamani. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, vyumba 7, wafanyakazi 9. Kwa miaka miwili wameniondokea watano. Wa mwisho ni mpishi, kaaga tarehe 11 Disemba, vyumba vyote vishalipiwa hadi baada ya mwaka mpya. Nilimpokea akiwa muosha vyombo. Wali wa nazi na samaki wa kupaka nimemfundisha mimi, tumesimama jiko moja. Siku ya kuaga alilia, nami nikalia. Sasa mtu analia, na bado anakwenda?

Agosti niliwaongeza wote shilingi 3,000, nikadhani nimemaliza. Hoteli aliyokwenda haimlipi zaidi yangu, nimeuliza. Chakula wanakula hapa, Idi nawapa kitu, mtu akifiwa nakwenda matangani. Nyinyi mliofanya kazi za hoteli, ni kitu gani kinamfanya mtu akae? Nambieni ukweli hata kama utaniuma.

Mpishi wa Miaka 17

Waalaikum salaam, mama. Nimepika Shela, Manda na Malindi. Nakuuliza kwanza: mwezi wa nne mvua zikianza na wageni wakikatika, watu wako unawafanyaje?

Nyumba moja niliifanyia kazi miaka minne. Kila Aprili tunaambiwa, "Nendeni nyumbani, tutawaita." Mpaka Julai hupati senti. Kodi ya chumba haikungoji, karo ya muhula wa pili haikungoji. Aliyepitia miezi hiyo, akiitwa na mwajiri atakayemlipa mwaka mzima, atakwenda hata kwa mshahara mdogo zaidi. Mimi nilikwenda. Huyo wa pili wakati wa mvua alitulipa nusu mshahara. Asubuhi tunapaka chokaa, tunabadilisha makuti, tunasuka upya vitanda vya kamba. Adhuhuri uko huru kwenda shamba au baharini. Nilikaa kwake miaka 9.

Jengine: jikoni wanafunga saa ngapi? Mimi nilikuwa natoka saa nne usiku. Wewe mkaazi wa Shela unajua maji yakijaa ile njia ya ufukweni ya kurudi Lamu mjini inavyokuwa. Boti za abiria zishalala, kilichobaki ni kukodi kwa pesa yako. Kama watu wako wanalala mjini, elfu tatu yako yote inaishia kwa nahodha.

Karani wa Mishahara, Malindi

Mama, mimi naongezea ya makaratasi, maana watu hawayasemi lakini yanawaondoa. Nilifanya kazi mahali ambapo 2.75% ya SHA, bima ya afya ya serikali hapa Kenya, ilikatwa kwenye kila mshahara na haikupelekwa. Mwenzetu kampeleka mkewe kujifungua, dirishani akaambiwa michango yake haionekani. Alikopa kwa majirani ili mke na mtoto watoke. Mwezi uliofuata kaacha kazi, na wengine watatu wakamfuata. Makato ya SHA na ya NSSF, ile akiba ya uzeeni, yanatakiwa yafike kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupita. NSSF yeye anatoa 6%, na wewe unatoa 6% yako.

Kisha angalia Sheria ya Ajira ya 2007. Likizo ni siku 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo kamili. Aliyetimiza miezi miwili kazini akiugua ana siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu. Mama anayejifungua ana miezi mitatu na baba wiki mbili, mshahara kamili. Hayo ni haki yao, usiyahesabu kuwa ni hisani yako. Mkikubaliana, hizo siku 21 zichukuliwe Mei au Juni. Mfanyakazi anapata pesa kamili wakati wa njaa, na wewe hupungukiwi na mikono msimu ukifika.

Mtandika Vitanda

Dada, langu ni fupi. Nilirudi kutoka uzazi nikakuta nimehamishiwa dobi, maziwa yananichuruzika na msimamizi hataki nitoke. Niliacha. Ninapofanya sasa, saa sita mdogo wangu analeta mtoto, nanyonyesha nusu saa kwenye baraza ya nyuma. Sijaongezwa hata shilingi, na hapa sitoki.

Bi Mwenye Nyumba, Shela

Nimesoma yote mara mbili. Jana baada ya Magharibi niliwakalisha barazani nikamuuliza mmoja mmoja. Watatu wanalala mjini, na mpishi wangu alikuwa wa nne. Hakunitajia nauli hata siku moja, nami sikumuuliza. Nimekubaliana na nahodha, atawachukua kila usiku saa nne na nusu, nami namlipa kwa mwezi.

Kisha msichana wa vyumbani, ambaye huwa hasemi, akaniambia: "Mama, matangani unakuja. Lakini tukiugua unatukata siku." Ni kweli, nilikuwa nawakata. Nimekaa na daftari mpaka usiku, nimewarudishia siku zote za mwaka huu uliopita. Michango ya SHA ya miezi miwili ilikuwa imechelewa, nimeilipa leo asubuhi. Mvua zikianza watapata nusu mshahara, na mwezi wa likizo kamili. Nimepiga hesabu: mapato ya vyumba viwili vya Disemba nitayatenga kwa hilo, nisiyaguse.

Mpishi nimempigia, nimemtaka radhi kwa zile nauli. Sikumwomba arudi.

Limebaki moja. Bakshishi wageni wanampa anayewaandalia meza. Jikoni na dobi hawaonekani, na nimeona jana kuwa hapo pana kinyongo.

Mpishi wa Miaka 17

Weka sanduku moja lenye kufuli, mama, na ufunguo ashike mmoja wao, sio wewe. Lifunguliwe kila Alhamisi mbele ya wote, ligawanywe sawa, muosha vyombo apate kama mpishi. Waelezee wageni wanapofika kuwa sanduku ni la wote. Na usije ukalihesabu ndani ya mshahara.